Ukingo wa Barabara ni wa Nani? Ugomvi wa Steji na Maegesho Jijini Nairobi

Jumatatu tarehe 3 Desemba 2018 wakazi wa Nairobi waliamka wakakuta mji wao umesogezwa. Majengo yalikuwa pale pale na barabara zilikuwa pale pale. Zilizohama ni steji. Matatu zilizozoea kuingia hadi katikati ya jiji ziliamriwa na serikali ya kaunti ziishie pembezoni: waliotoka upande wa Thika Road washukie Ngara, waliotoka Jogoo Road washukie Muthurwa, na wengine vivyo hivyo. Kutoka hapo, kila mtu na miguu yake.

Watu wakatembea. Walitembea wafanyakazi wa ofisi na viatu vyao vya kung'aa, akina mama waliobeba watoto mgongoni, wanafunzi, wagonjwa waliokuwa wanakwenda kliniki, na watu wenye ulemavu ambao hakuna aliyewaambia watavukaje barabara za pale Globe. Askari wa kaunti, hawa tunaowaita kanjo, walisimama kwenye viingilio vya jiji kuhakikisha hakuna matatu inayopenya. Na huko ndani, kando ya barabara zile zile ambazo matatu zilikatazwa, magari ya kibinafsi yalikuwa yameegeshwa kama siku zote, mistari kwa mistari, yakingoja wenyewe watoke kazini jioni.

Amri ile haikudumu. Kelele zilipanda mitandaoni na barabarani, kesi ikapelekwa mahakamani, na Gavana Mike Sonko akalegeza kamba karibu papo hapo. Matatu zikarudi tao. (Sonko mwenyewe aliwahi kuwa mwenye matatu kabla ya siasa kumkolea, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema haijui biashara hiyo. Na miaka miwili baadaye, tarehe ile ile ya 3 Desemba, bunge la kaunti likapiga kura kumwondoa kwa sababu nyingine kabisa. Kalenda nayo ina utani wake.)

Wengi wanaikumbuka siku ile kama kituko cha gavana mmoja. Mimi naona tunamwonea, au tuseme tunampa sifa asiyostahili. Ugomvi wa nani asimame kando ya barabara ya Nairobi, na nani apakie na kushusha kisha aondoke, ni mkubwa kwa umri kuliko Sonko, kuliko kaunti, na kuliko matatu yenyewe.

Turudi nyuma kidogo.

Nairobi ilianza kama kambi ya reli. Reli ilifika hapa mwaka 1899, kwenye uwanda wa maji baridi ambao Wamaasai waliupa jina lililokuja kuwa la jiji. Mahali penyewe palichaguliwa kwa sababu ya mzigo: hapa ndipo pa kupakua vyuma, mbao na chakula kabla reli haijaanza kupanda kuelekea Bonde la Ufa. Kwa lugha ya leo tungesema mji wetu ulizaliwa ukiwa eneo la kupakia na kushushia mizigo, halafu ndipo watu wakajenga nyumba kando yake.

Itazame Kenyatta Avenue. Kwanza iliitwa Sixth Avenue, kisha Delamere Avenue, na baada ya uhuru ikapata jina tunalolijua. Ni pana mno. Inasimuliwa kuwa upana ule ulipimwa ili gari la kukokotwa na jozi nyingi za ng'ombe liweze kugeuka bila kukwama. Ukilifikiria jambo hilo unacheka peke yako: barabara yenye fahari kuliko zote jijini ilipewa nafasi yake kwa heshima ya ng'ombe na mzigo. Ng'ombe walipoondoka, upana ulibaki, na motokaa zikaurithi. Zikaegeshwa kandoni, zikaegeshwa katikati, na kizazi kilichofuata kikadhani barabara iliumbwa hivyo.

Pale pale Kenyatta Avenue zipo sanamu tatu za shaba, zilizowekwa miaka ya 1920 kuwakumbuka Waafrika na Waarabu waliotumika katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mmoja wa wale watatu ni mpagazi wa Carrier Corps. Hakubeba bunduki, alibeba mizigo ya jeshi kwa kichwa na mgongo, na wenzake makumi kwa maelfu hawakurudi makwao. Jina la kikosi chake ndilo lililozaa Kariokor, mtaa na soko, mwendo mfupi tu kutoka hapo. Nimepita mbele ya sanamu ile mara nyingi nikaona imezungukwa na magari yaliyoegeshwa. Sijui mpagazi angesema nini.

Basi tuulize: katika mji ule wa mwanzo, Mwafrika aliingiaje tao? Kwa miguu. Sheria ya kipande ilimfuata, makazi yake yalitengwa mashariki, Pumwani na baadaye Shauri Moyo na Kaloleni, na kazi yake ilikuwa upande wa pili. Ripoti ya Profesa Simpson ya mwaka 1913 ilipendekeza wazi wazi watu watenganishwe kwa rangi. Wapangaji wa mji hawakuona haja ya kumtengea mtembea kwa miguu nafasi, kwa sababu hawakumhesabu kuwa mkazi. Alikuwa mgeni wa mchana tu.

Mwaka 1934 kampuni ya Uingereza, Overseas Motor Transport Company, ilipewa haki ya kuendesha mabasi mjini. Ilianza na mabasi 13 kwenye njia 12. Huko ndiko ilikotokea Kenya Bus Service, ile KBS ambayo wazazi wetu huitaja kwa sauti ya huzuni kidogo, kama wanaomtaja jamaa aliyewahi kuwa na mali. Ukimsikiliza mzee aliyeipanda miaka ya 1970 atakuambia kuhusu ratiba. Ratiba! Basi lilikuwa na saa ya kufika na saa ya kuondoka, na usiku lilikwenda kulala kwenye bohari yake Eastleigh. Hilo la kulala bohari liweke akilini, tutalirudia.

Mwaka 1948 ulitoka mpango mkuu wa jiji, uliotengenezwa kwa ajili ya kile wenyewe walichokiita mji mkuu wa koloni. Mpango ulijali barabara pana na mwendo wa motokaa. Miaka miwili baadaye Nairobi ikapewa hadhi ya jiji. Uhuru ulipofika mwaka 1963 tulibadilisha majina ya barabara, tukaondoa sanamu za wakubwa wa kikoloni, lakini mistari ya maegesho tuliiacha palepale. Nadhani hata hatukuiona. Aliyekuwa akiegesha Delamere Avenue alikuwa mzungu. Aliyekuja kuegesha Kenyatta Avenue alikuwa katibu wa wizara. Yule aliyetembea kutoka Kaloleni aliendelea kutembea.

Hapo ndipo ilipoingia matatu. Miaka ya 1960 wenye magari mabovu mabovu walianza kubeba watu kwa senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi, na jina likatoka kwenye hiyo tatu kwa Kikuyu. Yalikuwa magari ya magendo. KBS ililalamika, polisi wakakamata. Kisha mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta akatoa tamko kwamba matatu zinaweza kubeba abiria bila leseni zile za usafiri wa umma. Wakati huo Nairobi ilikuwa na matatu zisizofika 400. Kufikia mwaka 1982 zilikuwa zimepita 1,500.

Sasa ona tatizo. Gari liliruhusiwa kubeba abiria, lakini hakuna aliyesema litawashushia wapi. Hakuna steji iliyojengwa kulingana na wingi ule. Matatu zilijitafutia: pembeni ya sinema ya Odeon, mbele ya hoteli ya Ambassadeur, Accra Road, River Road, Tom Mboya, Ronald Ngala. Ndiyo maana mpaka leo steji zetu nyingi zina majina ya majengo na wala si majina ya vituo. Mtu anakuambia tukutane Odeon na hajawahi kuona filamu hata moja pale. Ukingo wa barabara uligeuzwa steji kwa mazoea, makanga wakauchora kwa sauti zao, na baraza la jiji likaja baadaye kutoza ushuru.

Mji ukagawanyika vipande viwili. Magharibi ya Moi Avenue ukingo ni wa kuegesha. Mashariki yake ukingo ni wa kupakia. Upande mmoja kimya na vivuli vya miti, upande wa pili honi, mahindi choma, mikokoteni inayotoka Marikiti na viazi, na hamali wanaopiga kelele upishe njia. Usidhani mgawanyo huu ni wa bahati. Ni ule ule wa zamani, umevaa nguo mpya.

Hebu tufanye hesabu ndogo, yangu mwenyewe, ya mtu asiye mhandisi. Chukua nafasi moja ya kuegesha gari. Kwa miaka mingi Nairobi ilitoza maegesho ya barabarani kwa siku, si kwa saa. Ulilipa shilingi 140, kisha kaunti ilipoingia ikapandisha hadi 300, lakini ukishalipa asubuhi nafasi ni yako hadi jioni. Kwa hiyo nafasi ile inamhudumia mtu mmoja, labda wawili. Sasa ichukue nafasi hiyo hiyo uifanye ya kupakia na kushusha tu. Tuseme matatu ya abiria 14 inaingia, inashusha, inapakia, inatoka kwa dakika ishirini. Kwa saa kumi zimepita matatu thelathini. Ni watu 420 waliopakiwa, mbali na walioshuka. Hata ukinipunguzia nusu, bado si mashindano.

Wala si abiria peke yake. Mwenye duka la jumla anayengoja lori la sabuni anahitaji nafasi ile dakika thelathini tu. Asipoipata, lori linasimama katikati ya barabara, foleni inarudi hadi mzunguko, na hamali anatembea mita mia mbili zaidi na gunia mgongoni. Gharama ya nafasi iliyokaliwa kutwa na gari moja hulipwa kwa mgongo wa mtu mwingine. Mwenye gari haioni kwa sababu yuko ghorofa ya saba.

Uchunguzi wa usafiri uliofanywa kabla ya mpango mkuu wa jiji wa mwaka 2014, ule unaoitwa NIUPLAN, ulionyesha jambo ambalo kila anayeishi hapa analijua: safari nyingi za Nairobi ni za miguu na za matatu. Safari za gari la kibinafsi hazikufika moja kati ya tano. Lakini waliotoa amri, walioandika sheria ndogo na walioketi kwenye kamati walikuwa wanafika ofisini wakiwa ndani ya hiyo moja kati ya tano.

Lakini tuseme ukweli wote. Wenye matatu nao si malaika, na waliompigia Sonko makofi hawakuwa wajinga. Hesabu yangu ya dakika ishirini inakubali kwamba matatu inapakia kisha inaondoka. Je, inaondoka? Nenda Ronald Ngala saa tano asubuhi. Utakuta matatu zimejipanga kwa foleni, dereva amelala, kanga anatafuna miraa, abiria watatu ndani wanajipepea na gazeti. Zile hazipakii, zimeegeshwa! Zinangoja zijae, kwa sababu dereva amewekewa kiwango cha pesa za kumpelekea mwenye gari jioni na hawezi kuondoka na viti vitupu. Tena hazina bohari. KBS ilikuwa na Eastleigh. Mwenye matatu moja ana nini? Ana ukingo wa barabara ya umma. Kwa hiyo steji ikawa sehemu ya kuegesha kwa jina lingine, na anayebanwa ni yule yule, mtembea kwa miguu anayejipenyeza kati ya bampa mbili.

Serikali ilijaribu njia nyingine. Nyayo Bus ilianzishwa mwaka 1986, ikawa na sifa kwa muda, kisha ikafa katika miaka ya 1990. Kampuni ya Stagecoach kutoka Uingereza ilinunua KBS mwaka 1991 ikaondoka mwaka 1998. Kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza kutumika Februari 2004, zilileta mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano, na kwa muda matatu zikawa na adabu ya kushangaza. Lakini kanuni za Michuki zilihusu ndani ya gari. Nje ya gari, pale mguu wa abiria unapokanyaga lami, hazikubadilisha kitu.

Muthurwa ndiyo ilikuwa jibu la nje. Soko na kituo kilijengwa wakati wa Rais Kibaki kwenye ardhi ya makazi ya zamani ya wafanyakazi wa reli, ili wachuuzi na matatu za Eastlands zihamie huko. Wazo halikuwa baya. Lakini kituo kilichowekwa mahali ambapo abiria hataki kufika kinahitaji kitu cha kumchukua pale na kumpeleka anakotaka, na kitu hicho hakikuletwa. Kilicholetwa ni matope wakati wa mvua na vibaka wakati wa giza. Ikiwa umewahi kupita pale saa moja usiku ukiwa na simu mfukoni unajua ninachosema.

Kwa hiyo tunarudi Desemba 2018 tukiwa na macho tofauti. Kaunti ilikuwa na tatizo la kweli: jiji limesongamana. Mbele yake kulikuwa na magari ya aina mbili yanayokalia ukingo wa barabara, moja likibeba watu wengi na kukaa sana kwa sababu ya mfumo mbovu, jingine likibeba mtu mmoja na kukaa kutwa kwa sababu amelipa. Ikaondoa la kwanza. La pili haikuligusa. Kama ingefanya kinyume, ikachukua maegesho ya Tom Mboya na Moi Avenue ikayachora upya kuwa sehemu za kushusha na kupakia kwa dakika kumi, na kanjo wakasimama na saa mkononi badala ya rungu, labda tungekuwa tunasimulia habari nyingine. Au labda wenye magari wangeandamana. Lakini hata kujaribu hakukuwepo. Na hoja iliyopelekwa mahakamani, kwamba wananchi hawakushirikishwa kama Katiba ya 2010 inavyotaka, ilikuwa na uzito kwa sababu hiyo: wangeulizwa, wangesema.

Baadaye mambo yalisogea kidogo. Mapema mwaka 2019 serikali ilitangaza siku za jiji bila magari, Jumatano na Jumamosi, ikaahirisha kabla hazijaanza. Kisha mwaka 2020 ikaja NMS, ile idara iliyoongozwa na Meja Jenerali Mohammed Badi, ikachukua kazi kadhaa za kaunti. NMS ilifanya jambo moja ambalo sikulitegemea kutoka kwa wanajeshi: ilikata nafasi za kuegesha kwenye Kenyatta Avenue, Wabera Street na Muindi Mbingu ikapanua njia za miguu. Wenye magari walinung'unika. Baadhi ya wenye maduka walihofia wateja watakimbia. Lakini ukipita Wabera leo unaona watu wameketi, wanapiga picha, wanatembea wawili wawili bila kugongana. Kwa mara ya kwanza tangu enzi ya ng'ombe, ukingo wa barabara upande wa magharibi ya Moi Avenue ulichukuliwa kutoka kwa gari lililosimama. Angalia lakini waliopewa ni akina nani: watembea kwa miguu wa upande wa vivuli. Upande wa River Road haukupata bahati hiyo.

River Road ilipewa Green Park, kituo kipya kilichojengwa karibu na Uhuru Highway, kwenye viwanja vya iliyokuwa Railway Club. Kilijengwa vizuri, kikafanyiwa majaribio zaidi ya mara moja, matatu zikaingia na kutoka mbele ya kamera, kisha siku ya pili zikarudi zilikozoea. Mwishoni mwa mwaka 2022 serikali ya Gavana Johnson Sakaja ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Desemba matatu za safari ndefu hazitapakia tena katikati ya jiji. Wenye matatu wakakimbilia mahakamani, na mahakama ikaisimamisha amri hiyo. Mabasi ya Nyeri na Nakuru yakaendelea kupakia kando ya barabara, na upande wa pili wa Moi Avenue wahudumu wa kaunti wakaendelea kukagua ni gari gani limelipia siku yake na ni lipi halijalipa.